Papa iko ku shimo, nani analinda kuku?

Familia ya mchimbaji inaishi na hesabu mbili. Moja ni hesabu ya shimo. Mwezi huu inaleta mingi, mwezi unaofuata inakauka, juu ya maji yameingia, ao motopompi imekufa, ao watu wamefika ku jiwe tupu. Ya pili ni hesabu ya nyumba: chumvi, sabuni, dawa ya malaria, madaftari. Hii ya pili haingoji. Tangu 2019 serikali ilisema shule ya msingi ni bure, lakini mtoto akifika segonderi minervali inarudi, na mkuu wa shule hataki kusikia kwamba filoni imepotea.

Kwetu Kasongo na Kabambare, siku kama hiyo, mama anapita nyuma ya nyumba na kukamata kuku. Papa iko Salamabila, ao Namoya, ao mbali zaidi mu pori. Simu yake haipatikani, na pesa aliyoahidi kutuma bado iko ndani ya mlima. Lakini jogoo mbili zilizofungwa miguu, zikifika sokoni asubuhi, mbele ya muchana zimekuwa pesa. Hakuna mizani, hakuna kungojea negosian, hakuna PDG wa kukata sehemu yake kwanza. Ndiyo sababu leo tunaandika juu ya mwewe, paka ya pori na siafu, mu ukurasa ambao kwa kawaida unasema habari za karieri. Ile inayoiba kuku usiku inaingiza mkono mu mfuko wa nyumba.

Tuchukue kuku moja jike, zile zetu za kienyeji, hapana zile nyeupe za kufugwa kwa mashini. Inataga mayai kumi na mbili hivi, inalalia siku 21, tuseme vifaranga kumi vinatoka. Watoto wanafurahi, wanavipa majina. Miezi miwili ikipita, mara nyingi vinabaki vitatu, ao viwili. Watu wamezoea. Wanasema kuku ndivyo ilivyo. Sisi hatukubali. Ukiokoa vifaranga vinne tu zaidi mu kila uzao, kuku ikizaa mara tatu kwa mwaka, na wewe uko na majike matatu, ni kuku 36 kila mwaka ambazo sasa zinaishia mu tumbo la wengine. Bei ya soko lenu munaijua wenyewe, zidisheni.

Soma alama mbele ya kutaja jina

Asubuhi ya hasara, neno la kwanza linalotoka kinywani mara nyingi ni jina la mtu. "Ni ile vijana ya kule ngambo." Ao mbaya zaidi, mtu anasema ni bibi mzee wa jirani, kwamba kuku hazikufa bure. Kuna parseli mbili zinazogawana kisima kimoja na ambazo hazisalimiani tena, sababu ni kuku. Na papa akirudi kutoka shantie, mahali pa kupumzika, anakuta kesi ya kukata. Kwa hiyo, mbele ya kutaja jina, mama, chuchumaa na uangalie udongo. Kila mwizi anaacha kitambulisho chake.

Kama kifaranga kimepotea muchana, bila damu, bila unyoya, na kuku mama ilipiga kelele mara moja tu, ni mwewe. Haiachi kitu juu ya haikanyagi chini. Kama ni kuku kubwa moja imechukuliwa usiku, na unaona manyoya yamefuatana kama njia mpaka mu majani, waza fungo, ile nyama ya kijivu yenye madoa meusi na uso kama umevaa kitambaa. Inabeba moja na kuondoka.

Kanu ni nyingine. Ni ile paka ya pori nyembamba, ndefu, yenye madoa na mkia wa mapete, inayopanda juu kama haina uzito. Shimo ambalo kichwa chake kimepita, mwili wote unapita. Ikiingia mu kibanda na kuku zikianza kurukaruka gizani, haisimami ku moja. Asubuhi unakuta tano zimelala, shingo zimeumwa, vichwa vingine vimekatika, nyama haikuliwa. Na hapa kuna uchungu ambao watu wa mbali hawauelewi. Mji wetu una Waislamu wengi, na kuku iliyokufa bila kuchinjwa ni nyamafu. Hata mchuzi mama hawezi kupika. Kuku tano, minervali ya mtoto mmoja, zinaenda kuzikwa. Jirani Mkristo anaweza kuzitaka, ndiyo, lakini kuku uliyoikuta imekufa bila kujua saa wala sababu, sisi hatumshauri mtu yeyote aitie mu chungu.

Mayai yaliyopasuliwa, maganda yametapakaa karibu na jiwe ao nguzo, ni kazi ya nguchiro. Kanyama kafupi ka miguu, kanatembea muchana bila haya. Yai likiwa gumu kwa meno yake, inageuka, inalipitisha katikati ya miguu ya nyuma na kulipiga ku jiwe. Yai likipotea zima, bila ganda, ni nyoka, juu ya nyoka haitafuni, inameza. Wakati mwingine utakuta kuku ya ukubwa wa kati imekufa, haina kidonda kikubwa, lakini kichwa na shingo vimelowa na manyoya yamelala upande mmoja. Nyoka ilijaribu, ikashindwa, ikaiacha. Hapo usifurahi. Inaweza kuwa bado iko mulemule, chini ya majani ya kiota.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa nguvu: asitie mtu mkono gizani mu kiota, hata mtoto aliyezoea kuokota mayai kila siku. Papa iko na torshi ya kichwa ya kushukia mu shimo. Ikiwa kuna ya zamani, hata yenye mwanga mdogo, ibaki nyumbani kwa kazi hii. Na mtu akiumwa na nyoka, asikatwe chale, asifungwe kamba ya kukaza, asipoteze saa na jiwe nyeusi, maana jiwe halitoi sumu. Anyamaze, mguu ao mkono usitikisike, abebwe kwa kinga ao moto mpaka hospitali.

Mbwa inaacha kuku zimetafunwa huku na huku, kama mchezo. Panya inaburuta vifaranga vidogo mpaka mu tundu lake, ukichimba kidogo unavikuta. Na mwisho kuna yule wa miguu miwili. Yeye haachi damu, haachi unyoya, lakini mlango umefunguliwa vizuri, tena anachagua jogoo kubwa. Nyama ya pori haichagui namna hiyo.

Kuchukuliwa kuku kwa nguvu ni habari ya zamani mu nchi yetu. Nyangwe, soko la Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa pale. Aliandika kwamba aliona mmoja wa watu wa misafara ya wafanyabiashara akibishana bei ya kuku na kuishika kwa nguvu. Mara, bunduki zikaanza kulia. Waliokufa siku ile, kwa risasi na kwa maji ya mto walipokimbilia mitumbwi, wafanyabiashara wenyewe walikadiria kati ya 330 na 400, na wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza. Hatusemi vita ile ilitoka ku kuku. Lakini mama anayebeba kuku sokoni amekuwa njiani ileile kwa zaidi ya miaka mia moja na makumi tano, na miaka hii ya karibuni, watu wenye silaha walipopita mu vijiji, kuku ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kwa mwizi wa namna hiyo hatuna dawa ya mianzi na misumari. Kwa wengine wote tunayo.

Muchana: mambo yanatoka juu

Watu wengi wanajenga uwa na wanaona wamemaliza. Uwa unazuia mbuzi. Mwewe haioni uwa.

Hatari ya mwewe ni ya wiki za kwanza. Kuku iliyokomaa mwewe ya kawaida haiwezi kuibeba. Kipanga kubwa inaweza, lakini haifiki kila siku. Vifaranga ndivyo chakula chake, kuanzia siku ya kwanza mpaka wiki ya sita, ya nane. Ukivipitisha muda huo, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Na wiki nane ni muda mufupi kuliko papa anavyokaa ku shantie.

Bibi zetu walijua dawa yake, na sisi tumeiacha kwa uvivu: kitunga. Kitunga kikubwa cha kusuka, kimepinduliwa, matundu ya kutosha kupitisha hewa, jiwe juu yake. Kuku mama na vifaranga vinakaa chini yake muchana, maji na chakula ndani, na unakisogeza kila siku ili wasikae mu mavi yao. Ukiwa na nafasi zaidi, jenga kizimba cha miti nyembamba, metre mbili kwa moja, na juu yake utandike wavu. Wavuvi wa Lualaba, pale Kasongo-Rive, wako na nyavu zilizochakaa ambazo hazikamati tena samaki. Kwa mwewe zinatosha. Mustikeri ya kulala, hapana. Tunajua inatumiwa, lakini mtoto akilala nje ya mustikeri juu ya kifaranga kilale ndani, hiyo hesabu ni ya hasara.

Chakula cha ndani ya kizimba kisikuogopeshe. Pumba ya mpunga iko mingi kwetu, wakati wa kutwanga inatupwa. Ongeza mchwa: vunja kipande cha kichuguu, kikungute mbele ya vifaranga, utaona wanavyokimbizana. Hakuna chakula cha dukani kinachowapendeza vile. Mtu ambaye kazi yake ni jembe na sururu hatashindwa na kichuguu.

Kama kitunga hakuna, funga kuku mama mguu mmoja kwa kamba laini chini ya mti wenye kivuli kizito. Vifaranga havimwachi, vinabaki chini ya matawi, na mwewe haipendi kushuka mahali ambapo mabawa yake yatakwama. Ndiyo maana pia parseli iliyofyekwa yote mpaka udongo mwekundu, ile tunayosifu kwamba ni safi, ni hatari kwa vifaranga. Acha kichaka cha lengalenga hapa, migomba pale, panda marakuja na uiache itambae juu ya fito. Kifaranga kikisikia kelele ya mama yake kiwe na mahali pa kujificha mu hatua tano.

Huko Kenya kuna wafugaji wanaopaka vifaranga rangi, nyekundu ao zambarau, ili mwewe isivitambue. Wengine wanasema inasaidia. Inawezekana, kwa siku za kwanza, kama vile kamba zenye vipande vya plastiki vinavyong'aa, ao kunguru mfu wa kutundikwa juu. Lakini mwewe iko na akili. Ikizoea itashuka. Sisi tunaona rangi ni ya kujaribu, kitunga ni cha kutegemea. Kanga nayo inasaidia: inapiga kelele mbele ya kuku kuona kitu, na mu nyumba ambazo hazipendi kufuga mbwa inafaa sana.

Usiku: hii ni kazi ya papa

Hapa tunageuka na kusema na wanaume.

Ndugu, wewe hushuki mu shimo la metre kumi na tano kama hujaona miti inayoshika udongo. Unajua kuchagua mti usiooza haraka. Unajua kufunga fito ili mtu mzima akanyage juu yake bila kuanguka. Unajua kusikia kwa sikio kama ukuta unataka kuachia. Lakini nyuma ya nyumba yako kuku zinalala mu kibanda ambacho mlango wake ni bati lililoegemezwa na jiwe. Bibi yako anafanya anachoweza na majani na kamba. Ile kazi ya miti ni fundi yako. Ukirudi nyumbani wiki mbili, tunaomba siku mbili.

Kibanda kiinuliwe. Nguzo nne, sakafu ifike usawa wa kiuno, karibu metre moja kutoka chini. Kwa kuku kumi na mbili, metre moja na nusu kwa metre moja inatosha. Sakafu iwe ya fito ao mianzi iliyopasuliwa, na nafasi katikati ndogo kuliko kidole: mavi yanaanguka, lakini mkono wa nyama hauingii kushika mguu wa kuku iliyolala. Mavi hayo uyakusanye, shamba la mboga litashukuru. Ndani weka fito za kulalia, kuku hailali vizuri chini.

Ku kila nguzo, funga kipande cha bati laini, kama kile cha mukebe mkubwa wa mafuta uliopasuliwa, kizunguke nguzo yote kwa urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kucha hazishiki ku bati. Na usiegemeze kitu: ngazi, kinga, fito za jengo, tawi la mpapai. Tumeona vibanda vyenye bati nzuri ku nguzo, na pembeni mti wa kuanika nguo unafika mpaka dirishani. Kanu inaona ngazi.

Mahali wanaposahau zaidi ni pale ukuta unapokutana na paa. Watu wanaacha nafasi ya hewa, na ni sawa, hewa inatakiwa, lakini nafasi ya upana wa ngumi ni mlango wa kanu. Iwekwe grilaji yenye macho madogo, ao vijiti vilivyobanana. Paa la majani liwe zito na lifungwe kwa chini, juu ya kanu inapasua majani mepesi na kushuka kutoka juu. Mlango uingie mu fremu, usiwe wa kuegemea. Bawaba kama hakuna, vipande vya mpira wa kinga vilivyopigiliwa misumari vinashika miaka.

Kama huna miti ya kuinua na kuku zitabaki mu kibanda cha udongo chini, basi chimba. Kuzunguka ukuta wote chimba mtaro unaofika kiwiko, ujaze mawe, ufunike. Nyama inayochimba inaanza karibu na ukuta, inakuta jiwe, inachoka. Mtaro wa metre sita ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu wa karieri, tusidanganyane.

Juu ya mawe hayo, jambo moja. Usilete mawe wala udongo wa mahali munapooshea na kuchomea zahabu kwa merkiri. Usilete bidoni wala beseni iliyoshika merkiri ili iwe chombo cha maji ya kuku. Kuku inadonoa kila kinachong'aa, na kile inachokula kinaingia mu nyama na mu yai, na yai tunampa mtoto. Wachimbaji wanapenda mzaha wa kutafuta gramu mu firigisi ya kuku. Merkiri nayo inaingia, na hiyo hakuna anayeinunua.

Na usilete sumu. Mtu aliyepoteza kuku tano anakuwa na hasira, anataka kunyunyiza dawa ya wadudu wa shamba ku nyama na kuitega. Kenya walifanya hivyo na Furadan juu ya simba na fisi waliokula ng'ombe, na tai waliokuja ku mizoga wakafa nao. Kwako itakayokufa kwanza ni mbwa ya jirani, kisha kuku zako mwenyewe, na Mungu aepushe mtoto. Mitego ya waya karibu na nyumba, vilevile hapana. Kanu ikifa, nyingine inakuja kuchukua mahali pake. Tundu likizibwa, limezibwa kwa zote.

Kufuli na siafu

Sasa tufike ku siafu, ambayo wengi wanaisahau mpaka usiku wake ufike. Wakati wa mvua inatembea kwa mistari, na mstari ukipita mu kibanda kilichofungwa, kuku haina pa kukimbilia. Ile inayolalia mayai ndiyo ya kwanza, haitaki kuacha kiota. Vifaranga haviishi dakika nyingi. Asubuhi hakuna mwizi, hakuna mlango uliovunjwa, kuna manyoya na mifupa. Ni hapo watu wengi wanasema uchawi.

Na hapa kuna shida ya kweli. Juu ya mwizi wa miguu miwili tunataka kufuli nzuri, kadena ya chuma. Juu ya siafu tunataka mlango unaofunguka haraka. Kufuli na siafu havipatani. Kama ufunguo uko mu mfuko wa papa, na papa iko Namoya, kuku zitaliwa mbele ya macho yako na wewe unapiga bati. Kwa hiyo ufunguo uwe mmoja ku kamba, utundikwe karibu na kichwa cha kitanda cha mama, na mtoto mkubwa ajue mahali pake.

Kuku zikiamka usiku na kulia kwa sauti ya chini, bila kelele ya kushtuka, zikikanyaga-kanyaga, usiseme ni ndoto. Chukua torshi, vaa buti za papa kama ziko, angalia chini kwanza. Ukiona mstari, fungua mlango, zitoe zote, zikimbie. Zitarudi asubuhi. Mayai acha. Kisha majivu ya moto ku mstari, mbali na majani ya paa, siafu zitageuka. Ili zisifike tena, kila mguu wa kibanda usimame mu mukebe wenye mafuta machafu ya mashini, yale yanayotolewa ku motopompi. Ufunike mukebe kwa juu ili mvua isiyamwage na vifaranga visinywe, na ufyeke majani yanayogusa kibanda, maana jani moja ni daraja.

Kuna adui mwingine ambaye hana meno wala kucha, na yeye anamaliza kijiji kizima mu wiki moja: ugonjwa ambao waganga wa nyama wanauita Newcastle. Kuku zinapinda shingo, mavi ya kijani, zinakufa zote pamoja. Haina dawa ya kuponya, iko na chanjo tu, na inatolewa kuku zikiwa bado nzima. Kichupa kimoja cha chanjo kinatosha kuku nyingi, kwa hiyo parseli kumi zichangie na ziulize ofisi ya mifugo ya teritwari. Kibanda kizuri bila chanjo ni sanduku zuri la kuwekea hasara.

Kibanda kikiisha, kuku hazitaingia. Zimezoea ku mti wa mwembe ao mu jiko. Usizifukuze kwa fimbo, zitakiogopa. Ngoja giza liingie, uzibebe moja moja, uziweke ku fito za ndani, ufunge. Asubuhi usifungue mapema, mpe pumba na maji palepale. Fanya usiku nne, tano. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuhesabu kila jioni, na hesabu aiseme kwa sauti, ili mama asikie hata akiwa ku moto. Siku ya sita acha mlango wazi jioni, umwage pumba kidogo mbele yake, zitapanda zenyewe. Itabaki moja yenye kichwa kigumu, juu kabisa ya tawi. Hiyo ngojeni usiku uwe mweusi, papa apande na torshi yake. Kuku haioni gizani, inakamatwa kama embe.